Ritifaa ya Ong'ayo

Kanze alizitazama zile namba kwa mara ya tatu, kisha akakiweka chini kikombe cha chai.

Skrini ilikuwa na majina mawili. Munga Karisa, oksijeni ishirini nukta nane. Kitsao Baya, oksijeni ishirini nukta tisa. Kando ya kila jina palikuwa na duara la kijani. Hapakuwa na ubaya wowote, ila tangu aketi pale hakuwa ameona tarakimu hata moja ikibadilika. Na hewa haitulii hivyo. Mtu akiinama, akisogea pembeni, akihema kwa nguvu, ile tarakimu ya mwisho hucheza: nane, tisa, saba, nane tena. Hizi zilisimama kama zilizopigiliwa misumari.

"Mzee Abdulghani," aliita, "Munga na Kitsao wako ndani ya tangi, sivyo?"

"Wako ndani tangu saa mbili na nusu," alijibu mzee bila kuinua macho kwenye daftari lake. "Na yule bwana wa bara ameingia kuwasaidia."

"Bwana yupi?"

"Chrispine. Tope limekuwa zito, wawili hawaliwezi."

Kanze akarudisha macho kwenye skrini. Majina yalikuwa mawili.

Kiwanda kilikuwa Changamwe, upande wa nyuma ya barabara ya malori yanayoteremka Kipevu. Kilihifadhi molasi, ule uji mzito mweusi unaobaki sukari ikishatolewa kwenye miwa. Kila baada ya miezi kadhaa tangi moja lilimwagwa, na watu wakaingia kuparura tope lililoganda chini. Tope hilo likikaa huchachuka, likanuka kama tembo la mnazi la juzi, likatoa hewa mbaya inayoisukuma nje hewa safi. Hewa hiyo haina rangi. Mtu huhisi uchovu kidogo, akataka kukaa apumzike, na akishakaa hainuki. Mwaka uliotangulia, katika kiwanda kingine, watu wawili walikufa hivyo, wa pili akiwa ameingia kumtoa wa kwanza.

Ndiyo sababu Kanze alikuwa pale. Alikuwa fundi wa mitambo midogo, mwenye umri wa miaka ishirini na saba, mwanamke wa Rabai aliyekuwa akikaa Frere Town kwa dadake. Kampuni yao ya watu wanne ilikuwa imepewa kazi ya kuangalia hewa ndani ya matangi. Kila aingiaye alivaa kifuani kifaa cha ukubwa wa kiberiti kinachopima oksijeni. Vifaa vyote vilipeleka vipimo kwenye kisanduku kilichofungwa nje ya mlango wa tangi, na kila sekunde kumi kisanduku kiliandika barua moja, kikaituma kwa kompyuta ya chumba cha uangalizi.

Barua hizo ziliandikwa kwa mtindo uitwao XML. Kanze aliupenda kwa sababu ni maandishi matupu, hata binadamu anaweza kuyasoma. Kila habari ina alama ya kuifungua na alama ya kuifunga, kama sufuria na kifuniko chake. Kanuni yake ni kali. Kosa likiwa moja tu, kifuniko kimoja kikikosekana, kompyuta inayosoma hairuhusiwi kubahatisha. Huikataa barua nzima.

Kisanduku kilikuwa na kumbukumbu ndogo mno, hakikuweza kubeba programu kubwa ya kuandika barua hizo. Basi Kanze mwenyewe alikaa wiki sita akiziunganisha kipande kwa kipande, neno kwa neno. Alikuwa amejivunia kazi hiyo.

Sasa alifungua faili ambalo hakuna mtu aliyewahi kulitazama, faili la barua zilizokataliwa. Alitarajia kukuta mbili tatu. Alikuta mia moja sabini na nne.

Ya kwanza ilikuwa ya saa tatu na dakika kumi na mbili. Ya mwisho ilikuwa ya sekunde chache zilizopita. Na alipokuwa akiitazama, nyingine ikaongezeka.

Akaifungua. Ilikuwa na watu watatu. Wa tatu aliandikwa hivi:

<mtu jina='Chrispine Ong'ayo' oksijeni='16.9'/>

Aliona kosa kabla hajamaliza mstari. Jina alikuwa amelizungushia alama za usemi za mkato mmoja, kwa kuwa zile za mikato miwili lugha ya programu ilizitumia kwa kazi nyingine, na kuziepuka kulimpunguzia usumbufu. Kompyuta ilisoma "Chrispine Ong", ikakutana na ritifaa ya ng', ambayo ni mkato ule ule, ikadhani jina limekwisha. Baada ya hapo "ayo" haikuwa na maana, na barua yote ikatupwa, ya Ong'ayo pamoja na ya wenzake. Siku arobaini alikuwa amejaribu mfumo ule kwa majina ya Munga, Kitsao, Nyamvula, Mwanarehema, Abdulghani, na la kwake mwenyewe. Hakuna hata moja lililokuwa na ng'.

Na kompyuta ilipokataa barua, ilifanya nini? Ilifanya kama alivyoiambia. Ilisubiri barua nyingine kimya, ikaacha skrini ilivyokuwa. Kwa nusu saa ilikuwa ikionyesha hewa ya saa tatu na dakika kumi na mbili.

Ndipo alipoiona ile namba yenyewe. Kumi na sita nukta tisa. Hewa ya kawaida ni karibu ishirini na moja. Chini ya kumi na tisa na nusu, watu wote walitakiwa watoke.

"Mzee, watoe! Watoe sasa hivi!"

Abdulghani aliinuka polepole. Alikuwa mtu wa Kisauni mwenye mvi za mapema, na usalama wa matangi yote ulikuwa mikononi mwake. Akaja akasimama nyuma ya kiti chake. Alitazama skrini, akaona kijani.

"Kuna nini, mwanangu?"

"Oksijeni imeshuka. Ong'ayo yuko kwenye kumi na sita."

"Mbona hapa ni ishirini?"

"Hapo ni uongo."

Mzee akarudisha macho kwenye kijani. Kanze alijua anafikiri nini. Siku kumi na mbili zilizopita alikuwa amepiga kelele vivi hivi, watu wakatolewa mbio, Kitsao akateleza akateguka kifundo, na ikaonekana ni kifaa kimoja tu kilichoingia maji. Meneja, Bi Lynnette, alikuja mwenyewe na kuamuru mbele ya watu wote: kuanzia leo kazi ya tangi haisimamishwi kwa hisia za mtu. Tunafuata skrini.

"Kanze, mama. Amri umeisikia. Kama ni kifaa tena..."

"Si kifaa! Vifaa vyote vitatu ni vizima." Akaishusha sauti kwa nguvu. "Nisikize, Mzee. Ni mimi. Ni programu yangu niliyoiandika vibaya. Jina la Ong'ayo lina ritifaa, na mimi sikuwaza kwamba jina la mtu linaweza kuwa na ritifaa. Barua zote zimetupwa tangu alipoingia. Barua zenyewe ndizo hizi, soma. Soma hapa."

Akamwelekeza kwa kidole. Munga, kumi na nane nukta saba. Kitsao, kumi na nane nukta moja. Ong'ayo, kumi na sita nukta nne. Barua ilikuwa mpya. Katika muda wa kubishana, namba ilikuwa imeshuka tena.

Abdulghani alisoma, midomo ikitikisika. "Na kosa ni lako?"

"Ni langu."

"Wallahi?"

"Naapa kwa Mungu, Mzee."

Hakuuliza tena. Aligeuka, akavunja kioo cha kisanduku chekundu kwa kiwiko cha mkono, akabonyeza. King'ora kikalia kiwanda kizima. Akachukua redio moja ya mkononi, ya pili akamtupia Kanze mapajani.

"Wewe usiondoke hapa," alisema akiwa tayari mlangoni. "Kama kompyuta haisomi, utasoma wewe."

Akatoka mbio.

Kanze alibaki peke yake na mlio wa king'ora. Miguu ilitaka kumpeleka nje. Tangi lilikuwa mita mia mbili tu, nyuma ya ghala la mapipa. Lakini namba zile hazikuwa mahali pengine popote duniani isipokuwa mbele ya macho yake, ndani ya barua ambazo mashine ilizikataa. Akaketi.

Kwenye redio ilikuja sauti ya Nyamvula, mwanamke wa Likoni aliyelinda mlango wa tangi. Kazi yake ilikuwa kusimama nje na kamba, kuandikisha kila aingiaye, na kutoingia hata kwa dharura.

"Nimewavutia kamba! Munga anatoka. Huyu hapa Munga." Kishindo, kikohozi. "Kitsao naye huyu, namwona mkono. Vuta, Munga, mvute!"

"Na Ong'ayo?" Kanze aliuliza.

Redio ilikwaruza tu.

"Dada Nyamvula, Ong'ayo yuko wapi?"

"Kamba yake imekuja tupu."

Barua mpya ikaingia. Munga na Kitsao walikuwa wamepanda hadi ishirini, walikuwa nje. Ong'ayo, kumi na nne nukta mbili.

"Aliifungua," sauti ya Munga ilisikika kwa mbali, ya mtu anayehema. "Ilikuwa ikimzonga na mpira wa maji. Akaifungua akaenda kule mwisho. Alisema amechoka, atachuchumaa kidogo. Chrispine! Chrispine, we!"

Nyamvula alikuwa ameinamia mlango, sauti yake ikirudi na mwangwi wa chuma. "Hewa haiingii. Lile bomba la kitambaa linaloingiza hewa ya feni limejikunja juu huko, naliona limeninginia kama utumbo. Feni inapuliza nje tu."

Kumi na tatu nukta tano.

Munga alikuwa jirani ya Ong'ayo kule Magogoni, nyumba zao ziligawana ukuta mmoja. Yeye ndiye aliyemtafutia kibarua kile. Kanze alimsikia akisema, "Niachie," na Nyamvula akijibu, "Huingii."

"Mama, niachie. Namwona miguu."

"Huingii, Munga! Mzee anakuja na mtungi wa hewa."

"Mpaka afike? Ni hatua kumi tu! Nabana pumzi naingia natoka."

Vurugu, kitu kikagonga chuma. Kisha Nyamvula, kwa sauti ya mtu anayemshikilia mwenzake kwa nguvu zote: "Kanze! Hewa yasemaje? Mwambie huyu! Mwambie!"

Barua ilikuwa haijafika. Kanze aliitazama saa ya pembeni mwa skrini ikihesabu. Saba. Nane. Tisa. Maandishi yakaja, na macho yake yakaruka moja kwa moja hadi mwisho wa mstari.

"Kumi na moja nukta nane," alisema kwenye redio. Akajilazimisha kusema polepole. "Munga, ni mimi Kanze. Ni kumi na moja. Hapo ukimwinua tu nguvu zinakuishia, unaanguka. Utaanguka juu yake na Mzee atakuwa na watu wawili wa kutoa. Usiingie."

"Wewe umekaa kwenye kiti!"

"Ndiyo, nimekaa. Usiingie."

Alimsikia akilia. Lakini hakuingia, maana kilichofuata ni sauti ya Abdulghani akitoa amri fupi fupi: barakoa, mkanda, kamba hapa, taa. Nyamvula, shika. Munga, panda ngazi ya nje ulinyooshe lile bomba, kazi yako ni hiyo. Kisha pumzi za mzee zikaingia kwenye redio, nzito, za mtu anayepumulia mtungi.

Kumi na moja nukta tatu.

"Naenda kulia," alisema Abdulghani. "Tope lanifika magotini. Simwoni."

"Kule mwisho, Mzee," Nyamvula alimwambia. "Kushoto kwa ngazi ya ndani."

Kumi nukta tisa. Kanze alizisoma namba kwa sauti ingawa hakujua kama kuna anayesikiliza. Alisoma kwa sababu aliambiwa asome. Akawaza, mtu huyu nilimsalimia asubuhi getini. Alisema "Habari ya asubuhi, sister," nami nikapita na simu sikioni. Hakukumbuka kama alimjibu.

Kumi nukta sita.

Kumi nukta sita.

Kumi na mbili.

"Imepanda!" alipiga kelele. "Imepanda, ni kumi na mbili! Munga, bomba?"

"Nimelinyoosha! Inaingia?"

"Inaingia. Lishike hapo hapo."

"Nimempata," alisema Abdulghani. "Nimempata. Kaegemea ukuta. Namfunga kamba. Nyamvula, nikisema vuta, mvute na mwite yeyote aliye karibu. Vuta!"

Kwenye redio zilisikika sauti za watu wengi, wapakiaji waliokuja mbio kutoka ghala, wakivuta kwa mkupuo mmoja, na chuma kikikwaruzwa. Kanze hakuona lolote. Aliona tu mstari mmoja ukibadilika kila sekunde kumi. Kumi na nne. Kumi na saba. Ishirini nukta tano.

Ishirini nukta tano ilikuwa hewa ya nje. Walikuwa wamemtoa. Lakini kifaa kilipima hewa iliyo mbele ya kifua. Hakikumwambia kama kifua chenyewe kilikuwa kinaivuta.

"Dada Nyamvula," aliita. "Dada Nyamvula, anapumua?"

Alihesabu barua nne. Ishirini nukta saba, ishirini nukta nane, ishirini nukta nane, ishirini nukta tisa. Alipokuwa akisubiri ya tano, redio ikafunguka, na kabla Nyamvula hajasema neno Kanze akasikia mtu akitapika.

"Anapumua," alisema Nyamvula. "Kafungua macho. Anamtukana Munga kwa Kijaluo."

Kanze akaweka paji la uso juu ya meza.

Ong'ayo alilazwa siku tano. Alipona, ingawa kwa wiki kadhaa aliumwa kichwa na kusahau alikoweka vitu. Siku ya pili Kanze alikwenda kumwona, na kando ya kitanda akamkuta mkewe, Purity, mwanamke mnene mpole aliyekuwa akimmenyea chungwa. Kanze alikuwa amejiandalia maneno njia nzima. Alipoyaanza, Purity alimkatiza.

"Wewe ndiye uliyesoma zile namba?"

"Ndiyo. Na ndiye niliyeandika programu iliyoharibika."

Purity akaweka kisu chini. Ong'ayo ndiye aliyezungumza, kwa sauti iliyokauka.

"Ni hiyo alama kwa jina langu?"

"Ni mimi sikuiwazia."

"Si wewe wa kwanza. Kwa simu, kwa benki, kila mahali wananiambia, andika Ongayo tu, mashine itakubali." Akafumba macho. "Lakini hizo zingine hazikutaka kuniua."

Purity akamkabidhi Kanze kipande cha chungwa, si kwa tabasamu, kwa adabu tu ya kumkaribisha mgeni. Kanze akakila akiwa amesimama.

Mkutano na Bi Lynnette ulifanyika kesho yake. Meneja alikuwa ameandaa taarifa ya ukurasa mmoja. Ilisema kulitokea hitilafu ya mtandao, na kwamba kuanzia sasa majina yaandikishwe bila alama yoyote ili kuepusha matatizo. Aliisukuma mezani ili Kanze na Abdulghani watie sahihi.

"Mtandao haukuwa na hitilafu," alisema Kanze.

"Ni namna ya kusema. Kampuni yenu pia inalindwa hapa, fikiria."

"Barua zilifika zote. Mimi ndiye niliyeiambia kompyuta ikae kimya inapokataa." Alitoa karatasi zake mwenyewe, nne, alizoziandika usiku mzima kwa mkono. "Makosa ni mawili. La ritifaa linarekebishwa kwa mistari sita. La ukimya ndilo lililotaka kuua watu. Kesho barua itaharibika kwa sababu nyingine, hata kama mtaondoa ritifaa zote za Kenya."

Bi Lynnette alimgeukia Abdulghani. "Mzee, nawe wasemaje?"

"Mimi nasema, na amri ile ya kufuata skrini iandikwe humo," alijibu Abdulghani. "Ilinichelewesha. Nami nilikubali kucheleweshwa, hilo liandikwe pia."

Taarifa iliyopelekwa kwa wakaguzi ilikuwa ya Kanze. Tangi lilifungwa wiki tatu. Kampuni yake ilipewa onyo kwa maandishi, na mmoja wa wenzake watatu hakumsemesha mwezi mzima. Kazi hawakunyang'anywa, na Kanze hakujua kamwe kama ni kwa sababu ya ukweli aliosema au kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kuimaliza.

Alirekebisha yote mawili. Ritifaa ikapata njia yake salama ya kuandikwa. Na barua mbili zikikataliwa mfululizo, majina yote yalizimika kwenye skrini, na king'ora kikalia bila kumngoja mtu.

Ong'ayo hakurudi kwenye matangi. Aliomba kazi ya ghalani, akapewa. Munga na Kitsao walirudi. Wiki ya kwanza king'ora kililia mara tisa, mara moja kwa sababu ya waya uliolegea, mara nyingine kwa sababu ya mvua, na mara zilizobaki kwa sababu ambazo Kanze alizitafuta hadi akazipata. Kila mara watu walitoka ndani wakiwa weusi kwa tope, wakamlaani yeye na mashine zake, wakakaa kivulini wakinywa maji. Yeye alisimama pale pale mlangoni mwa tangi karibu na Nyamvula, akiwahesabu mmoja mmoja wanapotoka, kisha akarudi kwenye kisanduku chake na bisibisi.